Richter si mashine

Kila ardhi ikitikisika tunasomewa habari ya "tetemeko la Richter 5.9". Kisha vijiweni yanaanza mabishano: Bukoba lilikuwa 5.9, Mwanza 4, Kampala labda 3. Jamani, tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, popote ulipokuwa.

Ukubwa ni kadirio la nguvu iliyotoka pale miamba ilipokatika na kuteleza chini ya ardhi. Kinachotofautiana mji na mji ni ukali, yaani ulivyotikiswa na kilichoharibika. Ukali una ngazi yake, ya Mercalli, inayoandikwa kwa namba za Kirumi, I hadi XII. Tarehe 10 Septemba 2016 nyumba ziliporomoka mkoani Kagera, watu wakafa. Mbali zaidi wengi walihisi mtikisiko tu, ukapita. Tetemeko ni lilelile, 5.9.

Sasa huyu Richter. Charles Richter alikuwa mwanasayansi wa Marekani, na mwaka 1935 alichapisha njia ya kukokotoa, si chombo. Chombo kinachonasa mitetemo ni sismografu, nacho kilikuwepo kabla yake. Hesabu yake aliipanga kwa matetemeko ya kusini mwa California na kwa sismografu ya aina moja: ikiwa kilomita 100 kutoka kwenye kitovu na mchoro wake ukapanda milimita 1, tetemeko hilo ni 3. Ukipanda milimita 10, ni 4. Kila namba moja juu ni mtikisiko mara 10, na nguvu karibu mara 32. Ndiyo maana anayesema 7 imeizidi 5 "kwa pointi mbili tu" anapotosha vibaya: nguvu yake ni karibu mara 1,000.

Tatizo, matetemeko makubwa sana hesabu hiyo huyapunja. Mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori wakaleta nyingine, inayotazama eneo la mwamba lililoteleza, limeteleza kiasi gani, na ugumu wa mwamba wenyewe. Matetemeko makubwa yanayotangazwa siku hizi hupimwa hivyo. Richter amebaki jina tu midomoni mwetu.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, "tetemeko lenye ukubwa wa 5.9" inatosha. Ukitaka kutueleza lilivyokuwa hapo kwenu, tuambie kilichopasuka na kilichoanguka.