Chauda ya mahindi na vya baharini: usitupe magunzi

Wengi wanaopika chauda ya mahindi na vyakula vya baharini humalizia akili na fedha zote kwenye kamba na samaki, kisha mahindi wanayamwaga juu kama pambo. Mimi naenda kinyume. Mwishoni mwa majira ya joto, hindi ndilo linaloipa chauda utamu, uzito na hata mchuzi wake. Vya baharini huingia sufuria inapokaribia kuepuliwa.

Chauda ni supu nzito inayohusishwa zaidi na New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Maelekezo yake ya mapema yanayojulikana yalichapishwa katika gazeti moja la Boston mwezi Septemba 1751: tabaka la vitunguu, nyama ya nguruwe ya chumvi, samaki, na biskuti ngumu za mabaharia. Maziwa hayamo, viazi havimo. Kilichoifanya iwe nzito ni zile biskuti. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaodhani bila unga wa ngano na krimu ya kumwaga hakuna chauda. Unga mimi siutii kabisa, kwa kuwa hufunika ladha ya hindi na kuacha utando ulimini.

Sukari ya hindi tamu huanza kugeuka wanga mara tu linapovunjwa shambani, na joto huharakisha mambo. Kwa hiyo nunua siku ya kupika, na likikulazimu kusubiri, liweke kwenye friji na maganda yake. Chagua lenye maganda mabichi yaliyobana na ndevu ambazo hazijakauka. Bonyeza punje moja kwa ukucha: ikitoa maji meupe ya maziwa, limefikia, yakiwa maangavu, bado ni changa, ikitoka rojo kavu, limepitiliza. Kuna mbegu za kisasa zenye sukari nyingi sana, ambazo hukaa siku kadhaa na utamu wake. Ni nzuri kwa kutafuna, ila maziwa yake ni mepesi na hayaifanyi supu kuwa nzito. Ukipata hizo tu, ongeza kiazi.

Kwa watu watano au sita natumia mahindi matano. Lisimamishe hindi ndani ya bakuli pana na ukate punje bila kufika kwenye gunzi, kisha geuza kisu na kukwangua gunzi kwa mgongo wake, ukishuka chini kwa nguvu. Rojo linalotoka liweke peke yake, usilichanganye na punje. Lina wanga na utamu mwingi, nalo ndilo litakaloshika nafasi ya unga. Magunzi yavunje vipande viwili, yafunike kwa lita moja na nusu ya maji, uyachemshe kwa moto mdogo dakika 40. Ukiwa na maganda ya kamba, yakaange kidogo kwa siagi na kuyatia dakika 15 za mwisho, si mapema zaidi, kisha chuja. Mchuzi huu una harufu ya shamba na bahari kwa pamoja, na sijaona wa kununua unaoufikia.

Msimu unaoyapendelea mahindi haupendelei kome na jamaa zake. Maji ya bahari yakiwa na joto, bakteria huzaliana zaidi ndani yao, na mwani wenye sumu huweza kusambaa. Bakteria hao hufa kwa kupikwa vizuri. Sumu ya mwani haiondoki hata uchemshe saa nzima. Ndiyo maana kome wa kuokota ufukweni kiholela siwagusi kipindi hiki. Nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha wamevuliwa wapi na lini. Kome aliye wazi mgonge: asipojifunga, mtupe. Wengine wape mvuke na maji kidogo kwenye sufuria iliyofunikwa, dakika tatu hadi tano. Asiyefunguka mtupe pia. Maji waliyotoa yachuje kwa kitambaa na kuyahifadhi. Yana chumvi kali, kwa hiyo chumvi nyingine isiingie popote mpaka uwe umeyatia hayo.

Upishi wenyewe baada ya hapo ni mwepesi. Kaanga bekoni gramu 100 mpaka itoe mafuta, tia siagi kijiko kimoja, kitunguu na seleri, uvilainishe bila kuvibadilisha rangi. Asiyekula nguruwe hapungukiwi na kitu: bekoni hapa ni kwa ajili ya ladha ya moshi, na kipande cha samaki aliyekaushwa kwa moshi kinaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, kikitiwa pamoja na samaki wengine. Tia viazi gramu 400 vilivyokatwa vidogo, thaimu, na mchuzi wa magunzi. Viazi vikilainika, ponda vichache ukingoni mwa sufuria, kisha tia punje na lile rojo. Koroga, kwa maana rojo hushika chini upesi. Dakika tano zinatosha.

Sasa tia krimu, mililita 200. Maziwa mepesi hukatika kirahisi yakikutana na chemko kali au uchachu. Krimu yenye mafuta mengi huvumilia, ingawa sufuria isichemke tena. Nyanya ziache. Mwaka 1939 mbunge mmoja wa jimbo la Maine alitaka sheria ya kuzipiga marufuku kwenye chauda, na ingawa alipitiliza, kwenye sufuria yenye krimu mimi niko upande wake.

Samaki mweupe wa mnofu imara, gramu 400, mkate mapande makubwa. Mapande madogo hufumuka yote. Mtie moto ukiwa mdogo kabisa, umpe dakika tatu, kisha tia kamba gramu 300, funika sufuria na uzime moto. Joto lililobaki litamaliza kazi kwa dakika tano hivi. Kamba aliyeiva hupauka na kupinda nusu duara. Akijikunja mpaka kichwa kugusa mkia, amekuwa mpira. Pande la samaki liwe limepauka mpaka katikati na liachane kwa uma bila kulazimishwa. Kama bado, washa moto mdogo dakika moja. Kome na maji yao huja mwisho. Onja, ndipo uamue kuhusu chumvi na pilipili manga.

Ukitarajia wageni, pika mpaka hatua ya viazi na mahindi asubuhi, ipoze upesi na kuiweka kwenye friji. Jioni ichemshe upya ndipo uendelee na krimu na samaki. Ladha ya gunzi hukolea. Kinachobaki baada ya kula kipashe polepole siku inayofuata bila kukichemsha, na kamba watoe kwanza, uwarudishe supu ikishapata moto.