Mama Khalil kwenye dinari ya dhahabu

Kwetu si ajabu mwanamke kuitwa kwa jina la mwanawe. Mama Asha, Mama Juma. Jina lake mwenyewe majirani wengine hata hawalijui. Mwaka 1250 mtindo huo uligongwa kwenye dhahabu ya Misri.

Shajar al-Durr alinunuliwa akiwa mtumwa, akaja kuwa mke wa Sultani al-Salih Ayyub. Sultani alifariki Novemba 1249, wakati jeshi la Mfalme Louis IX wa Ufaransa limeshaingia nchini. Mkewe akaificha habari. Chakula cha mgonjwa kikaendelea kuandaliwa, amri zikaendelea kutoka kwa sahihi ya marehemu, na vita havikuyumba. Aprili iliyofuata Louis alishikwa mateka. Mrithi wa kiti, Turanshah, hakukaa sana: Wamamluki, askari wa asili ya utumwa walionunuliwa na al-Salih, walimuua, wakamtawaza mjane wa baba yake.

Zama hizo utawala ulithibitika kwa mambo mawili: kutajwa katika hotuba ya Ijumaa na kuandikwa kwenye sarafu. Mama huyu aliyapata yote mawili. Dinari zake zilizobaki ni za kuhesabika, na moja imehifadhiwa British Museum, London. Upande mmoja una jina la Khalifa al-Musta'sim wa Baghdad. Upande wa pili umeandikwa: al-Musta'simiyya al-Salihiyya, malikat al-muslimin, walidat al-malik al-Mansur Khalil.

Litafute hapo jina la Shajar al-Durr. Halimo.

Neno la kwanza lamfunga kwa khalifa, ambaye ridhaa yake ilihitajika. La pili lamfunga kwa marehemu mumewe, na hapo pana ujanja, maana Wamamluki waliomtawaza nao walijiita Salihiyya. Ni kama kuwaambia, mimi ni mwenzenu. Kisha "malkia wa Waislamu" (malkia wetu wa Kiswahili ametoka katika neno hilohilo), na mwisho "mama mzazi wa mfalme al-Mansur Khalil". Khalil huyo alikuwa amekwisha kufa, tena angali mdogo. Mtoto aliyeko kaburini ndiye aliyembeba mamaye hadi kitini.

Wapo wanaousoma mpangilio huu kama unyonge. Mimi namwona mtu anayejua vizuri nani atampinga, akamjibu mapema katika nafasi ndogo kuliko kiganja. Hata hivyo khalifa hakuridhika. Baada ya siku 80 hivi Shajar al-Durr aliolewa na amiri Aybak, na usultani ukahamia kwa mume.

Razia wa Delhi, aliyetawala 1236 hadi 1240, naye kwenye baadhi ya sarafu zake aliambatana na jina la baba yake, Iltutmish.

Lakini jina kubwa kwenye sarafu si lazima liwe na nguvu nyuma yake. Huko Uajemi, kati ya 1338 na 1339, ziligongwa sarafu zenye maneno "sultana mwadilifu, Sati Beg Khan, Mungu audumishe ufalme wake". Jina lake mwenyewe, wazi, pamoja na cheo cha khan. Aliyemkalisha kitini ni Hasan Kuchak, mbabe wa ukoo wa Chobani, kwa sababu alihitaji mtu wa damu ya Genghis Khan wa kutawala kwa mgongo wake. Haukupita muda Hasan akabadili mawazo, akamwoza Sati Beg kwa Sulayman, na sarafu zilizofuata zikatoka na jina la Sulayman.