Matawi ya mpira wa asili yako kwenye ncha, si katikati

Hapa Goma, ukiuliza kwa nini mpira unavutika, jibu ni lile lile: "molekuli zake zina matawi." Wanafunzi wanalikariri, walimu wa kemia wanalichora ubaoni, na juzi nimelikuta tena kwa mtu aliyekuwa akieleza jinsi tairi inavyotengenezwa. Neno lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kwamba linabebeshwa mambo matatu tofauti, na mawili kati ya hayo si matawi hata kidogo.

Maana kwa ufupi. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti wa Hevea brasiliensis, ni mnyororo mrefu wa isoprini. Kila kipande kina kaboni 5 na hidrojeni 8, na molekuli moja inaweza kuunganisha vipande zaidi ya 10,000, karibu vyote katika mkao mmoja uitwao sis. (Mpira uliowatesa babu zetu enzi za Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ulitoka kwenye mimea ya kutambaa ya msituni, Landolphia, wala si Hevea, lakini mnyororo wake nao ni wa isoprini.) Tawi, kwa mkemia, ni mnyororo mwingine ulioshikamana na mnyororo mkuu kwa upande mmoja, huku upande wa pili ukiwa huru. Na kuvutika hakuhitaji tawi: mnyororo mrefu uliojikunja hunyooka ukivutwa, hujikunja tena ukiachiwa.

Kosa la kwanza linatokana na mchoro. Pembeni mwa kila kipande cha isoprini pananing'inia kaboni moja yenye hidrojeni 3, yaani kikundi cha methili. Jicho linaona kitu kimechomoza, mkono unaandika "tawi". Lakini methili hiyo ni sehemu ya kipande chenyewe tangu mwanzo. Hairefuki wala haipokei kipande kingine. Tukiiita tawi, molekuli moja itakuwa na matawi zaidi ya 10,000, na neno halitatusaidia kutofautisha chochote.

Kosa la pili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linapotosha hata watu wenye kazi yao mikononi. Watu husema tairi haiyeyuki "kwa sababu ya matawi". Nenda kwa kwado (fundi wa tairi) yeyote pale mtaani Birere, omba kipande cha tairi kuukuu, kama kile wanachopigilia kwenye gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ukiloweke kwenye petroli. Kitavimba, kitalegea, kingo zake zitameguka ukizikwaruza kwa ukucha, lakini kesho yake bado ni kipande kile kile. Mpira mbichi ambao haujapikwa na salfa, ukilowekwa hivyo, sehemu yake kubwa hupotelea ndani ya petroli na kuacha maji mazito yanayonata.

Kinachoizuia tairi isiyeyuke ni madaraja ya salfa. Charles Goodyear aligundua jambo hilo Marekani mwaka 1839: mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa joto, haunati tena wakati wa jua wala haukakamai kwenye baridi. Siku hizi kilo 100 za mpira huwekewa salfa kilo 1 hadi 3 hivi, kwenye joto la karibu nyuzi 150. Salfa inaushika mnyororo huu katikati, inaushika na ule katikati, na kuendelea hivyo hadi tairi zima liwe wavu mmoja. Daraja limeshikwa pande zote mbili. Tawi limeshikwa upande mmoja tu. Ndiyo maana plastiki laini ya mifuko, ambayo minyororo yake ina matawi halisi, ukiichoma inayeyuka na kuchuruzika, na tairi ukiichoma inaungua tu bila kuyeyuka.

Sasa, je, mpira wa asili hauna matawi? Unayo, na hapo ndipo penye utamu wa somo. Utomvu ukikauka haubaki isoprini tupu; kama asilimia 6 hivi ni vitu vingine, hasa protini na mafuta. Ncha mbili za mnyororo nazo hazifanani. Ncha moja hushikana na protini. Ncha ya pili ina fosfati, nayo hushikana na fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfati. Ncha za minyororo kadhaa zikikutania hapo zinafungamana, na huo mkusanyiko ndio tunaouita matawi ya mpira wa asili.

Vifungo hivyo si vya aina ya salfa. Loweka mpira mbichi kwenye toluini, kimiminika cha kuyeyushia, na sehemu fulani itakataa kuyeyuka na kubaki kama jeli. Ongeza alkoholi kidogo tu, na jeli hiyo inapungua, kwa kuwa vifungo dhaifu vya hidrojeni vinavyoshikilia protini vimeachia. Vimeng'enya vinavyokula protini navyo hupunguza jeli. Daraja la salfa haliachii kwa alkoholi. Lakini tusividharau vifungo hivi: minyororo ya isoprini iliyotengenezwa kiwandani, hata ile yenye mkao wa sis kwa asilimia 98, haina protini wala fosfolipidi hizo, na ikiwa bado mbichi huwa dhaifu kuliko mpira wa mti.

Kwa hiyo, mwalimu, mchoro wako wa ubaoni hauhitaji kufutwa wote. Ile mistari mifupi iliyochomoza katikati ya mnyororo isogeze hadi kwenye ncha, uandike protini upande huu na fosfolipidi upande ule. Salfa ichore siku ya somo la tairi, na uiite daraja.