Daraja na Kipande: Kutambua Kromosomu Zilizovunjika katika Mzizi wa Kitunguu

Kila seli ya mzizi wa kitunguu maji ina kromosomu 16, yaani miundo inayobeba jeni, nazo ni kubwa kiasi cha kuchunguzwa kwa hadubini ya kawaida ya mwanga. Mtaalamu wa jenetiki Albert Levan aliitumia mizizi hiyo mwaka 1938 kuchunguza athari za kolkisini, kemikali inayovuruga mgawanyiko wa seli, na hadi leo hutumika kupima kemikali zinazodhaniwa kuvunja kromosomu.

Ncha za mizizi huhifadhiwa katika mchanganyiko wa ethanoli na asidi asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, hulainishwa kwa asidi hidrokloriki, hutiwa rangi ya asetokamini, kisha hubonyezwa chini ya kioo kifuniko mpaka seli zitandazike. Kolkisini, ambayo wengi huitumia ili kuhesabu kromosomu, hapa siitaki: huharibu nyuzi zinazozivuta kromosomu, na bila nyuzi hizo hakuna anafesi ya kutazama, yaani hatua ya mgawanyiko wa seli ambapo kromosomu huvutwa kwenda pande mbili.

Ninachokitafuta katika anafesi ni daraja. Kromosomu mbili zikivunjika na ncha zao mbichi zikaungana, huweza kutokea kromosomu yenye sentromea mbili, yaani sehemu mbili za kushikwa na nyuzi hizo. Sentromea hizo zikivutwa pande tofauti, mwili wa kromosomu hiyo hunyooka kama daraja katikati ya seli, huku kipande kisicho na sentromea kikiachwa nyuma bila cha kukivuta, na baadaye huweza kujitenga kama kiini kidogo pembeni. Hata hivyo, daraja peke yake halinitoshi, kwa sababu kromosomu zilizonata kutokana na sumu nazo huvutana kwa namna inayofanana nalo. Ninapoona daraja pamoja na kipande, na tena katika seli nyingi kuliko zile za mizizi iliyokuzwa kwenye maji safi, ndipo ninapoandika kuwa kumetokea mvunjiko. Kromosomu nzima iliyochelewa ni jambo jingine. Hiyo huashiria hitilafu ya nyuzi.

Mzizi hauonyeshi kila kitu. Kromosomu mbili zilizobadilishana vipande vinavyokaribiana urefu hugawanyika kama kawaida, kwa hiyo katika mahindi huwa ninahamia kwenye chavulio, sehemu ya ua inayotengeneza chavua, ambako kromosomu za namna hiyo hujipanga nne nne kama pete wakati wa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaoelekea kutengeneza seli za uzazi. Humo pia daraja na kipande huonekana, ila mara nyingi chanzo chake ni sehemu ya kromosomu iliyogeuzwa zamani na kurithiwa, ambamo kromosomu zimebadilishana vipande. Si lazima pawe na mvunjiko mpya.