Kutunza tairi: ufundi uliombeba Checo Pérez

Tarehe 27 Machi 2011, kijana wa miaka 21 kutoka Guadalajara, Mexico, alikimbia mbio zake za kwanza za langalanga, yaani Formula 1, mjini Melbourne, Australia. Wapinzani wake waliingia kwa mafundi wao kando ya njia kubadilisha tairi mara mbili, wengine mara tatu. Yeye aliingia mara moja tu, akavuka mstari akiwa wa 7. Baadaye matokeo ya timu yake, Sauber, yalifutwa kwa sababu bawa la nyuma halikutimiza vipimo vya kanuni, lakini watu walikuwa wameshaona. Huyo ndiye Sergio Pérez, ambaye kwao wanamwita Checo.

Mwaka huo ndio Pirelli, watengeneza tairi wa Italia, walipoanza kuzipatia tairi timu zote za Formula 1, na walikuwa wameombwa watengeneze tairi zinazochakaa mapema ili mbio zinoge. Tangu hapo neno "kutunza tairi" halikauki midomoni mwa watangazaji.

Wengi hudhani maana yake ni kwenda polepole. Sivyo. Kutunza tairi ni kupata mwendo ulio karibu sana na wa wenzako huku mpira wako ukiumia kidogo kuliko wao. Tairi ya langalanga hushika lami vizuri ikiwa na joto la kiasi fulani. Likipungua, gari linateleza. Likizidi, mpira unalegea, unamomonyoka, na gari linateleza vilevile. Kisha kuteleza kwenyewe kunaongeza joto, na joto linaleta kuteleza zaidi. Dereva akishaingia kwenye mzunguko huo mbaya, kutoka ni kazi.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye mguu wa kulia na mikono. Pabaya zaidi ni mwisho wa kona ya polepole: ukikanyaga mafuta kwa pupa, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na kuunguza mpira. Mtunzaji anasubiri gari linyooke kwanza, ndipo anakanyaga, tena kwa kuongeza taratibu. Usukani anaugeuza mara moja, bila kuusahihisha katikati ya kona. Mahali pengine anaachia mafuta mapema kidogo kabla ya breki. Na hamgandi aliye mbele yake kwa muda mrefu, kwani hewa iliyovurugwa na gari la mbele inapunguza mgandamizo unaolibana gari chini, nalo likianza kuelea kwenye kona, tairi ndizo zinazolipa.

Faida yake ni muda. Mafundi hubadilisha tairi nne kwa sekunde 2 au 3, lakini ukihesabu na mwendo mdogo unaoruhusiwa kwenye njia ya kuingilia kwa mafundi, kila ziara hula sekunde 20 hivi au zaidi. Anayeruka ziara moja amejipatia zawadi kubwa bila kumpita mtu yeyote.

Kama unataka kuuona ufundi huu kwa macho, tafuta mbio za Monza, Italia, za 2012. Checo alianza wa 12 na tairi ngumu, zinazodumu kuliko laini, akakaa nazo muda mrefu wakati walio mbele wakibadilisha zao. Alipovaa mpya, wao zao zilikuwa zimeanza kuchoka. Akawapita madereva wote wawili wa Ferrari, Massa na Alonso, mbele ya mashabiki wa Ferrari, akamaliza wa pili nyuma ya Hamilton. Mwaka huohuo kule Canada alikuwa ametoka nafasi ya 15 hadi ya tatu.

Ushindi wenyewe ulimchelewa mno. Aliupata Sakhir, Bahrain, Desemba 2020, katika mbio zake za 190. Aligongwa mzunguko wa kwanza akawa wa mwisho kabisa, kisha akapanda mmoja mmoja hadi juu. Timu ya Mercedes, iliyokuwa ikiongoza, iliwachanganyia madereva wake tairi siku hiyo, kweli, lakini asingefaidika na kosa lao kama asingekuwa tayari ameshafika pale mbele.

Ila ufundi huu una mpaka. Jumamosi, siku ya kupanga nafasi za kuanzia, hakuna cha kutunza: ni mzunguko mmoja wa kukamua kila kitu, na hapo Checo aliteseka mara nyingi. Timu ya Red Bull walimchukua 2021, akashinda mbio 5 akiwa nao na kuwa wa pili duniani 2023. Lakini 2024 alimaliza wa 8, wakati Verstappen, mwenzake wa timu, alikuwa bingwa kwa gari lilelile. Wakaachana. Agosti 2025 timu mpya ya Cadillac walimtangaza kuwa dereva wao wa 2026.

Mimi nitamkumbuka zaidi kwa Abu Dhabi 2021, siku ya kuamua ubingwa kati ya Verstappen na Hamilton. Alikuwa bado na tairi laini alizoanzia mbio, Hamilton akamjia na tairi ngumu mpya. Aliyejulikana kwa kutunza akazimaliza zote: akambana Hamilton kona kwa kona, akapitwa, akarudi, akapitwa tena, hadi Verstappen aliyekuwa ameachwa nyuma sana akawafikia.