Central Park asubuhi moja? Acheni utani jamani

Imetokea tena. Mgeni ana siku nne nzima New York, anataka kutembea kwa miguu, safi kabisa, halafu ananiambia Central Park, ile bustani kubwa ya jiji, tuiweke asubuhi ya kwanza "tuimalize" ili mchana aende kwingine. Nawatembeza watu humo ndani kila msimu na hii kauli nimeisikia mpaka basi, kwa hiyo leo najibu wote kwa pamoja.

Najua inatoka wapi. Mtu anafungua ramani kwenye simu anaona mstatili, mtaa wa 59 mpaka wa 110, urefu kilomita 4 na upana haufiki hata kilomita moja, anapiga hesabu, saa moja kwenda saa moja kurudi, imeisha hiyo. Hesabu iko sawa kama unatembea kwenye mstari ulionyooka, sasa shida ni kwamba mle ndani mistari iliyonyooka ni ya kutafuta. Olmsted na Vaux waliochora mchoro wake mwaka 1858 walitaka usijue unakoelekea, ndo maana njia inakunja nyuma ya mwamba, inashuka, inapita chini ya daraja, ukitokea upande wa pili unakuta kitu kingine kabisa. Tena njia za miguu wakazitenga na za magari ya farasi, yale madaraja madogo mnayopigia picha kazi yake ilikuwa hiyo. Ukijumlisha njia zote za miguu zinapita kilomita 90. Tisini! Barabara ya kuzunguka peke yake inakaribia 10, na kuzunguka tu lile bwawa kubwa la katikati ni kama 2.5, hapo hujaona chochote zaidi ya maji na watu wanaokimbia.

Sasa angalia wanavyofanya. Wanaingia kusini pamoja na dunia nzima, picha kwenye chemchemi ya Bethesda, picha kwenye daraja la Bow Bridge, wanazama Ramble, ule msitu mdogo ambako kila njia inarudi ilikotoka, wakitoka miguu imekwisha, wanakaa kwenye benchi wanasema tumeiona Central Park. Wapi! Wameishia mtaa wa 79, nusu ya bustani hata hawajaisogelea.

Ushauri wangu, na wengi wananinunia nikiutoa, siku ya kwanza anzeni juu kabisa, mtaa wa 110. Huko kuna ziwa la Harlem Meer, kuna msitu wa North Woods na kijito chake, kuna ngome ndogo ya mawe ya mwaka 1814 imekaa juu ya mwamba, ukishuka mtaa wa 105 upande wa Fifth Avenue unakuta Conservatory Garden, maua yamepangwa kwa mistari. Siku ya pili Ramble asubuhi mapema kabla hakujajaa, ndege wakati wa masika ni wengi mno. Kusini iwe siku ya tatu, kule hata ukichoka mapema hujapoteza kitu, na ya nne rudieni mlipopapenda. Na msinitajie baiskeli ya kukodi au zile za kuendeshwa na mtu mwingine zinazochaji kwa dakika, hizo zinabaki kwenye barabara kubwa, njia ninazozisema mimi hazigusi.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia. "Simu itanionyesha njia." Ndani ya Ramble kidoti kinarukaruka tu, we angalia nguzo ya taa. Ina kibao cha namba nne, mbili za mwanzo ni mtaa ulio karibu, ya mwisho ikiwa shufwa uko mashariki, ikiwa witiri uko magharibi. 7213 maana yake mtaa wa 72, magharibi. Basi.

"Ni pori la asili lililobaki katikati ya jiji." Hapana. Miamba ndo ya asili, maziwa yalichimbwa, miti ilipandwa, hata yale maporomoko ya North Woods maji yake yanakuja kwa bomba la jiji. Na watu walikuwa wanaishi pale, Seneca Village, kama watu 225, wengi Wamarekani weusi, baadhi yao wakimiliki viwanja vyao, wakaondolewa mwaka 1857. Mabango yake yapo magharibi, kuanzia mtaa wa 82 hivi, simameni msome, watu wanayapita kama hayapo.

"Kaskazini ni hatari." Sifa za miaka ya themanini hizo. Mchana utakutana na akina mama na watoto wao na wazee wanavua samaki Harlem Meer. Usiku wa manane sikushauri upande wowote, na isitoshe bustani inafungwa saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

"Ndo kubwa kuliko zote New York." Wala. Pelham Bay Park kule Bronx inaizidi zaidi ya mara tatu, na hiyo sijawahi kusikia mtu anasema ataimaliza asubuhi, kwa sababu hakuna anayeniuliza habari zake.