Utambi wa karabai na mionzi: maswali na majibu

Ni kweli utambi wa karabai una mionzi?

Zile za mtindo wa zamani, ndiyo. Kifuko cha kitambaa kinachofungwa kwenye taa kimelowekwa chumvi ya thoriamu, metali ya asili yenye mionzi. Ukikiwasha mara ya kwanza kitambaa huungua, kikabaki kigamba cheupe cha oksidi ya thoriamu, na hicho ndicho king'aacho. Mchanganyiko huo, asilimia 99 oksidi ya thoriamu na 1 ya seriamu, ulibuniwa na Mwaustria Carl Auer von Welsbach mwaka 1891. Thoriamu huchukua miaka bilioni 14 kupungua nusu, kwa hiyo utambi uliolala stoo miaka 30 bado unayo yote.

Wanaovua dagaa kwa karabai usiku kucha wanadhurika?

Kwa mionzi ya kukaa karibu na taa, kidogo mno. Thoriamu yenyewe hutoa miale ya alfa, ambayo haipenyi hata karatasi. Robo gramu ya thoriamu ina bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 1,000 hivi, na mwili wa mtu wa kilo 70 una zaidi ya 4,000 kwa sababu ya potasiamu pekee. Karabai iwakayo ndani ya chumba kilichofungwa ina hatari kubwa zaidi: gesi ya kaboni monoksidi, ambayo huua usiku huohuo.

Basi tatizo liko wapi?

Kwenye vumbi la utambi uliokwisha kuungua. Alfa isiyopenya ngozi huumiza seli inapotokea ndani ya pafu au ini. Tunalijua hili kwa uchungu: kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 wagonjwa walidungwa Thorotrast, dawa ya kupigia picha za eksirei iliyotengenezwa kwa oksidi ya thoriamu. Haikutoka mwilini, na wengi walipata saratani ya ini miaka mingi baadaye. Vumbi la utambi mmoja ni dogo sana kulinganisha na kipimo kile, lakini halina faida yoyote kulivuta.

Nibadilishe utambi vipi?

Zima taa, toa upepo wote kwenye tangi, subiri ipoe kabisa. Fanya kazi nje, upepo ukitokea mgongoni mwako. Usipulize mabaki kwa mdomo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, maana vumbi hurudi usoni. Yaloweshe kwa matone ya maji, yafute kwa kitambaa kibichi, kisha tia vyote kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Funga utambi mpya, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuvuta sigara. Uwashe ukiwa bado nje na usogee kando kwa nusu saa, kwa sababu moto wa kwanza hurusha radiamu na metali nyingine zilizozaliwa na thoriamu.

Umevunjikia juu ya chakula?

Kimwage. Sakafuni usifagie pakavu. Futa kwa maji, watoto wakiwa mbali.

Nitaujuaje usio na thoriamu?

Soma pakiti. Nyingi za sasa hutumia itriamu, isiyo na mionzi, ingawa mwanga wake huwa hafifu kidogo. Pakiti ikikosa maelezo, uchukulie kuwa una thoriamu. Mwenye duka anayehifadhi katoni nyingi asiziweke chumba cha kulala: zikikusanyika, miale ya gama ya vizalia vya thoriamu hupita kwenye katoni. Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo yenye vifaa vya kupima.